Aliyemchekesha Mama

Kila mji niliokaa una mahali pake pa kubabua makongoro. Korogwe palikuwa nyuma ya soko, Malindi karibu na kituo cha mafuta, na hapa Mtwapa ninapoishi sasa ni uchochoro wa pili tu kutoka chumba nilichopanga. Wapita njia wengine huziba pua. Mimi hupunguza mwendo. Kwato zikiungua hutoa harufu ya nywele zilizoshika moto, harufu nzito inayoingia ndani ya nguo ikakaa, na pembe nayo huungua kwa harufu hiyohiyo. Wiki hii nimepita pale mara nne, na mara zote nne nimejikuta nimesimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mama yangu amefariki. Arubaini yake haijafika.

Kwetu ni Msambweni, upande wa chini wa barabara kuu. Mama alikuwa akishona makuti ya kuezekea hoteli za Diani. Alikaa uani tangu jua la asubuhi, mguu mmoja ameukunja, rundo la majani ya mnazi kushotoni, rundo la makuti yaliyokwisha kuliani, na hakuinua kichwa ila kwa adhana au kwa mnunuzi. Lakini harusi ikikaribia aliyasogeza makuti kando, akawasha seredani, akatoa kapu la pembe.

Wa rika langu waliokulia pwani hii hawahitaji kuelezwa vugo, ila watoto wao huenda wakahitaji. Ni ngoma ya wanawake ya harusini. Kila mmoja hushika pembe kwa mkono wa kushoto na kijiti kwa mkono wa kulia, wakapanga mstari, wakatembea wakiimba na kupiga kutoka kwa bwana harusi hadi kwa bi harusi. Pembe iliyopasuka ukingo hukata kiganja. Ndiyo maana mama alizibabua kingo zake juu ya makaa, kisha akazisugua kwa mchanga hadi zilainike. Moshi ulikuwa mweupe na mzito. Nguo zetu za Idi zilikuwa na harufu ile.

Siku ya harusi kapu liliwekwa mlangoni. Mwanamke yeyote aliyefika, jamaa au mpita njia, anayejua na asiyejua, aliinama akachukua pembe akaingia mstarini. "Pembe hainyimwi mtu," mama alikuwa akisema kila anapolitua kapu lile. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama tunavyomwambia mpita njia "karibu chakula" huku sufuria imebaki ukoko. Nilidhani mwenye akili zake hujua kuwa hakualikwa kweli.

Maana mimi nilijua kupiga. Nilijifunza kwa kifuu cha nazi na kipande cha upelepele wa mnazi kabla sijaweza kushika pembe ya mtu mzima. Chuoni mwalimu alitufunza kwamba ukiharibu nguzo ya swala, swala yako imebatilika, uanze upya. Kwa akili yangu ya kitoto nikaihamishia hukumu ile kwenye vugo. Nikikosea pigo moja nyuma ya nyumba, nilirudi mwanzo. Nilipokuwa na miaka tisa niliweza kumpokea mama pale anapoacha, nikalishika pigo lake la kujibu bila kutetereka, na wanawake wakageuka kunitazama. Mama naye alinitazama. Alishusha kope mara moja, akaziinua. Basi, hicho ndicho kilikuwa cheti changu.

Mama hakuwa mtu wa kucheka. Baba alifariki nikiwa sijaota meno, na watu wazima walisema kabla ya hapo alikuwa akicheka hadi majirani wakacheka bila kujua sababu. Mimi sikumwona mwanamke huyo. Niliyemwona alikuwa akiambiwa mzaha, akajibu, "Haya." Nilitaka kukisikia kicheko hicho kilichosimuliwa. Niliamini kuwa siku nitakayopiga vugo zima, mwanzo mpaka mwisho, bila kasoro hata moja, kitatoka.

Kilitoka. Lakini hakikutolewa na mimi.

Katika nyumba iliyokuwa ukuta kwa ukuta na yetu ilihamia familia ya Wakamba. Baba mtu alishuka zamani kuja kukata miwa Ramisi, akapata kishamba, akabaki. Binti yao aliitwa Mutheu, mwenzangu kwa umri, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Siku ya harusi ya dada Saumu wa mtaa wa pili, aliyeolewa na kijana wa jirani yetu, Mutheu alisimama mbele ya kapu akilitazama.

"Mama, naweza chukua moja?"

"Chukua, mwanangu. Ndiyo kazi yake," mama akamjibu.

Akachukua. Kijiti akakishika mkono wa kushoto, pembe mkono wa kulia, mdomo wa pembe chini kama anamwaga chai. Tukaanza. Tulipopiga, yeye alikuwa akifuta jasho. Tuliponyamaza ili mwimbaji asikike, yeye akapiga, kwa nguvu, huku akiimba maneno ambayo hakuna mtu aliyeyajua, nadhani hata yeye.

"Jamani, huyu apiga vugo au afukuza kuku?" akauliza Bi Riziki aliyekuwa nyuma yake.

"Napiga! Sikia!" Mutheu akasema, akaongeza.

Nikamtazama mama nikitegemea atamnyamazisha. Kwanza nilidhani amepaliwa. Alikohoa kidogo, akainua ncha ya leso akaziba mdomo, akanyamaza kimya kama mtu aliyekatika pumzi, mabega yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikapenya puani, chembamba, kama mluzi wa birika linalokaribia kuchemka. "Aaa," akasema machozi yakimtoka, "mwacheni. Leo bi harusi atajua kuna watu." Akakosa pigo. Mama yangu akakosa pigo, mimi nikalibeba peke yangu mpaka aliporudi, na hakuna aliyetambua.

Sijui kama wapo wenzangu mnaoukumbuka wivu wa utotoni jinsi ulivyo na mahali pake mwilini. Wangu ulikaa chini ya ulimi. Kila kitu nilichokula siku ile kilikuwa na ladha ya chuma, hata halua.

Tangu siku hiyo Mutheu akawa wa uani kwetu. Alasiri mama akishona makuti, Mutheu alichukua pembe kapuni, akakaa juu ya rundo la majani, akapiga alivyotaka. Hakuwa akijifunza. Hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa anajifunza ningemdharau, au ningemfundisha. Alikuwa akifurahi tu. Akipotea hakurudi mwanzo, alisonga mbele vilevile, kama mtu anayetembea mvuani bila kujali madimbwi. Na kila baada ya muda kikohozi kidogo, leso mdomoni, kimya, mluzi. Mimi nilikaa pembeni na pembe yangu iliyosuguliwa ikang'aa, nikasubiri wanyamaze ili nipige inavyotakiwa. Nilipopiga mama alishusha kope.

Nikaamua kukosea. Nilijizoeza kukosea nyuma ya nyumba kama nilivyojizoeza kupatia. Jioni moja, Mutheu hayupo, nikapiga mbele ya mama, nikaacha pigo la tatu, nikalichelewesha la nne, nikatumbua macho kama yeye. Mama akaacha kushona. Akanyoosha mkono akanigusa paji la uso.

"Una homa?"

"Sina."

"Basi usiniharibie pigo."

Akarudi kwenye makuti yake.

Miezi ikapita, ikaingia Shaaban, mwezi wa harusi nyingi kabla ya mfungo. Mtoto wa dada yake mama alikuwa akiolewa Munje, na Mutheu alikuwa amekwisha kuazimwa leso. Alinionyesha. Ilikuwa leso ya mama, ya rangi ya zafarani, ambayo mimi sikuwahi kuazimwa. Tulikuwa kisimani, mimi na yeye, tunajaza mitungi ya plastiki.

"Mutheu," nikasema, "unajua ni kwa nini dada Saumu hajapata mtoto?"

Wanawake walikuwa wamenong'ona kwetu uani kwamba Saumu alishika mimba, ikaharibika. Hakuna aliyejua kuwa nilikuwa nikisikiliza.

"Hapana. Ni kwa nini?"

"Pembe ya vugo ikipigwa na mtu asiyeijua, humfunga bi harusi tumbo."

Lilitoka kwa urahisi, na kwa sauti ambayo haikuwa yangu, sauti ya mtu mzima anayekupa habari kwa faida yako. Mutheu aliushusha mtungi.

"Sasa Mama mbona aliniambia nichukue?"

"Ni adabu. Huku kwetu mtu hakataliwi usoni. Hata tukikwambia karibu chakula, si kwamba ukae ule."

Akafikiri.

"Mimi huwa nakaa nakula," akasema.

Siku ya harusi alisema anaumwa na tumbo. Leso ilirudishwa imekunjwa. Nilitembea kuliani mwa mama, mahali ambapo watoto hawatembei, kutoka njia panda hadi nyumba ya bi harusi, jua la alasiri machoni, vumbi jekundu hadi magotini. Sikukosa pigo hata moja. Nayasema haya leo nikiwa na miaka arubaini na kitu na bado najua ni kweli: vugo lile lilikuwa zima, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nimeliota. Nikangoja. Mama aligeuza shingo akatazama nyuma, mkiani mwa mstari. Baada ya hatua kidogo akageuza tena. Tulipofika akaweka pembe kapuni, akaniuliza, "Mutheu kasema anaumwa na nini hasa?"

Siku tatu zikapita. Mama alikuwa uani, mimi nilikuwa nikimtenganishia majani. Dada Saumu akabisha hodi. Kwa mkono mmoja alimshika Mutheu kifundo cha mkono, kwa mwingine alibeba kifurushi cha leso.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mna nini?"

"Nimeletewa mayai. Mtoto huyu kapiga magoti mlangoni kwangu. Ataka nimsamehe kwa kunifunga tumbo na pembe yake."

Mama akamtazama Mutheu. Mayai yalikuwa sita, ya kuku wa mama yake, na baadaye tulijua kuwa hakumwomba.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Ni huyu," Mutheu akasema, akanionyesha kwa kidevu. Hakuwa akinishtaki. Uso wake ulikuwa na shukrani. "Alinieleza vizuri. Mimi singejua."

Dada Saumu alikuwa mtu wa mizaha, na nadhani aliingia pale akitaka jambo lile liishe kwa kicheko. Lakini midomo ikaanza kumtetemeka. "Mie lililonipata nilisema ni la Mungu," akasema. "Nikalala, nikaamka na neno hilo. Leo asubuhi, baada ya kuletewa mayai haya, nimejikuta nahesabu ni nani na nani walikuwako harusini kwangu." Akayaweka mayai juu ya makuti, taratibu, akatoka bila kuaga.

Nilitegemea kupigwa. Ningependa kupigwa. Mama akachukua jani jingine la mnazi, akaanza kulikunja.

"Pembe hainyimwi mtu," akasema. "Wewe umemnyima."

Halafu, akiwa ameinamia jani lake, kwa sauti ya chini kiasi kwamba Mutheu nadhani hakusikia, akasema, "Na mimi umeninyima."

Alinituma nikamwambie mama yake Mutheu kuwa nilisema uongo, kisha nikamwambie dada Saumu, kisha nimwambie Mutheu mwenyewe mbele ya wote wawili. Nikafanya hivyo. Mama yake Mutheu alikuwa akitwanga mahindi. Alisema "sawa" akaendelea kutwanga. Dada Saumu alinisikiliza hadi mwisho, akanipa maji ya kunywa. Mutheu alisema haina neno. Harusi iliyofuata alikuja, akainama kapuni akachukua pembe, akaishika vizuri kuliko siku zote, kijiti mkono wa kulia. Akatembea nayo kifuani mwendo wote. Hakuipiga. Mama alimpungia mkono asogee mbele. Akatabasamu akatikisa kichwa.

Kwa miaka yote iliyobaki ya kuishi kwangu nyumbani, sikumsikia mama akicheka katika vugo tena. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupokea wageni Ukunda, nikaiacha, nikavuka Lunga Lunga kwenda Tanga, kisha huko kwingine. Watu wananiuliza ninakimbia nini. Sikimbii kitu, sikai tu. Pembe sikuibeba. Ila kila nilipohamia niliwakuta watu wanaopiga muziki vibaya na hawajali, nikasimama kuwatazama. Korogwe palikuwa na mafundi baiskeli watatu waliokuwa na gitaa moja lenye nyuzi nne, wakipokezana kila alasiri, kila mmoja mbaya kuliko mwenziwe, wakishangiliana. Mama mwenye nyumba wangu wa Malindi alikuwa na kinanda cha mtoto chenye betri. Usiniulize kwa nini niliwachukia. Mimi ninayejua kupiga sijapiga miaka mingi, kwa sababu siwezi kuanza bila kusikia mahali nitakapokosea.

Simu ya msiba ilinikuta Mtwapa. Nilifika Msambweni baada ya mazishi, kama ilivyo kwa wengi wetu wa safari. Wanawake walikuwa wamejaa uani na ndani, mikeka imetandikwa, na aliyekuwa akigawa kahawa kama mwenye nyumba alikuwa Mutheu. Ni fundi cherehani sasa, ana duka lake dogo karibu na hospitali, na ameishi pwani muda mrefu hata usemi wake umekuwa wa kwetu kuliko wangu. Nilijua kuwa alikuwa akimuuguza mama wodini. Nilikuwa nikimtumia ujumbe wa kumshukuru. Alikaa karibu nami, akanipa kikombe.

"Siku za mwisho alikuwa hali," akasema. "Uji ukiletwa yuafunga midomo. Siku ya tatu nikachoka, nikalipiga bakuli kwa kijiko. Si kwa ngoma, dadangu, kwa hasira. Akafungua macho. Nikalipiga tena. Nikaona ananitazama, basi nami nikaendelea, wodi nzima ikageuka, muuguzi akaja mbio."

"Ulipigaje?"

"Nitajuaje? Vyovyote."

"Akacheka?"

"Akacheka. Kisha akala vijiko vitano."

Nilipiga funda moja. Kahawa ilikuwa na ladha ya chuma.

"Bado unapiga, kumbe," nikasema.

"Mimi? Sijapiga pembe tangu yale mambo yetu ya Munje. Bakuli si pembe."

"Lakini ulijua ulikuwa uongo. Nilikuja kukwambia."

"Mimi najua," Mutheu akasema, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Mkono ndio haujui."

Hapo ndipo ningemwomba msamaha, wa mtu mzima sasa, si ule wa kutumwa. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilichokiona mbele yangu ni mama yangu juu ya kitanda cha wodi, wiki yake ya mwisho, akimchekea mtu mwingine, nami niko mji mwingine. Wivu ule wa kisimani ukanipanda mzima, haujakonda hata kidogo.

"Alichekaje?" nikamuuliza. "Nionyeshe."

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Akatua birika la kahawa. Akakohoa kidogo. Akainua ncha ya leso akaziba mdomo, akanyamaza, kimya cha mtu aliyekatika pumzi, akakaa katika kimya hicho kwa muda uleule, si zaidi wala si pungufu, mabega yakatikisika, kisha puani mwake ukatoka mluzi mwembamba. Mutheu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuangukia pigo moja mahali pake, hakukosea popote.

Wanawake wa matangani waligeuka kututazama.

"Rudia," nikamwambia.